Mwenda Jean-Bosco: Mtunzi wa nyuzi sita aliyesahauliwa

MWANAFUNZI wa muziki jijini Nairobi akiombwa amtaje mtunzi wa muziki wa nyuzi, aghalabu atamtaja Vivaldi, Bach au Mozart. Hao ndio aliofundishwa darasani na ndio ambao tungo zao huchapishwa vitabuni na kutahiniwa.

Ni nadra mno kusikia akimtaja Mwenda Jean-Bosco. Ilhali mtu huyo, mzaliwa wa Katanga katika Kongo, aliwahi kuishi papa hapa Nairobi, akalipiga gitaa lake redioni na kuacha alama ya vidole vyake katika muziki wa kizazi kizima cha Wakenya.

Si kwamba jina lake limefutika kabisa. Wazee waliokuwa na redio majumbani mwao katika miaka ya 1950 na 1960 wangali wanamkumbuka, na watafiti wa muziki wa Afrika wamemwandikia kurasa nyingi. Tatizo ni kwamba wengi humkumbuka kama mwimbaji wa zamani aliyetumbuiza watu na kwenda zake. Cheo chake halisi, yaani mtunzi mkubwa wa muziki wa gitaa, hajapewa ipasavyo.

Bosco alizaliwa mwaka wa 1930 katika kijiji cha Bunkeya, kusini mashariki mwa nchi iliyoitwa wakati huo Kongo ya Wabelgiji. Bunkeya hakikuwa kijiji hivi hivi. Katika karne ya 19 palikuwa makao makuu ya Msiri, mfanyabiashara mwenye asili ya Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, aliyejipatia himaya kubwa kutokana na biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa.

Misafara ya Msiri iliifikia pwani ya Mashariki na pwani ya Magharibi ya bara hili. Utawala wake ulikoma tarehe 20 Desemba 1891 alipopigwa risasi na afisa wa msafara wa Kapteni William Stairs, uliofunga safari yake kutoka Zanzibar kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji.

Wafuasi wa Msiri na vizazi vyao ndio wanaojulikana kama Bayeke, na Mwenda ni mojawapo ya majina ya ukoo wake wa kifalme. Jina la Jean-Bosco nalo linatokana na Giovanni Bosco, padri wa Kiitaliano aliyeanzisha shirika la Wasalesiani na ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mwenye heri mwaka wa 1929. Wasalesiani walikuwa wamefika Katanga tangu mwaka wa 1911.

Hivyo basi, hata kabla ya mtoto huyo kushika gitaa, jina lake lilikuwa limebeba mambo mawili yaliyoiunda Katanga yake: njia za misafara zilizoanzia huku Mashariki, na misheni za Wazungu.

Jambo la tatu lilikuwa migodi. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka wa 1906 ili kuchimba shaba ya Katanga, na mwaka wa 1910 reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Vibarua walimiminika kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na kutoka ng'ambo ya mpaka katika nchi ambazo leo ni Zambia na Malawi. Kila mmoja alikuja na lugha yake, lakini walipokutana kambini lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili.

Ni katika miji hiyo ya migodi ambapo gitaa lilishika mizizi. Lilikuwa chombo cha kijana wa mjini mwenye mshahara: si zito, halihitaji kundi la watu, na mchezaji anaweza kutembea nalo huku akipiga. Jioni baada ya kazi, barabara za vitongoji vya wafanyakazi zilijaa vijana waliokuwa wakishindana kwa vidole.

Bosco alikuwa mmoja wao. Alikuwa kijana wa miaka 22 hivi mwaka wa 1952 wakati Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake ya kunasa sauti, alipomsikia akipiga gitaa barabarani mjini Jadotville, ambao sasa huitwa Likasi.

Tracey alikuwa amezoea kurekodi ngoma, marimba na nyimbo za vijijini. Kwa kijana huyu alikutana na kitu kingine. Chombo kilikuwa cha kigeni, lakini muziki uliotoka ndani yake haukuwa wa kigeni hata kidogo. Alimrekodi, na santuri zikatolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini.

Mojawapo ya tungo hizo, iitwayo Masanga, ndiyo iliyompa Bosco sifa isiyozeeka. Ilijinyakulia tuzo ya Osborn ya mwaka wa 1952 iliyokusudiwa rekodi bora ya muziki wa Kiafrika. Kutoka hapo jina la kijana wa Bunkeya likaanza kusafiri kumshinda yeye mwenyewe.

Vidole viwili, sauti tatu

Ili kuelewa kwa nini Bosco anastahili kuitwa mtunzi, yafaa kwanza kusikiliza kile alichokifanya na nyuzi zake.

Hakutumia vidole vyote vya mkono wa kulia. Alitumia viwili tu: kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilizishughulikia nyuzi nene za chini na kupanda hadi zile za kati, nacho kidole cha shahada kikawa bwana wa nyuzi nyembamba za juu. Kwa vidole hivyo viwili msikilizaji husikia kana kwamba kuna wapigaji watatu: mmoja anashika besi, wa pili anajibu katikati, na wa tatu anaimba juu yao.

Sauti hizo hazitembei kwa hatua moja. Mara nyingi sauti ya chini inahesabu mbili ilhali ya juu inahesabu tatu, zikaachana kidogo kisha zikakutana tena pale hasa zinapotakiwa kukutana. Msikilizaji anayejaribu kupiga makofi hujikuta hajui amfuate nani. Huo ndio mwendo wa ngoma nyingi za Afrika, ambapo kila mpigaji ana pigo lake. Bosco aliuhamishia katika mikono miwili ya mtu mmoja.

Aidha, wazo la muziki linalorudi katika Masanga halirudi jinsi lilivyokuja. Kila duru huongezwa kitu au kupunguzwa kitu. Nota moja inacheleweshwa, nyingine inarudiwa, besi inabadili njia yake ya kushuka. Ni mtindo wa kuchukua wazo moja dogo na kulionyesha pande zake zote.

Fauka ya hayo, haya yote yalipaswa kutoshea katika upande mmoja wa santuri ya wakati huo, yaani takriban dakika tatu. Ndani ya kipimo hicho Bosco alijenga mwanzo, safari na kikomo bila kumwacha msikilizaji akihisi kwamba ameharakishwa.

Haya si maneno ya washabiki tu. Mnamo 1961 na 1962, David Rycroft, msomi wa Chuo Kikuu cha London, alichapisha uchambuzi wa sehemu mbili kuhusu muziki wa gitaa wa Bosco katika jarida la African Music. Aliziandika tungo hizo kwa nota, duru baada ya duru, ili kuonyesha jinsi zilivyojengwa na jinsi mpigaji alivyozibadilisha kila alipozirudia.

Wapenzi wa muziki wa Ulaya humsifu Johann Sebastian Bach kwa tungo zake sita za fidla pekee, ambazo nakala yake safi ni ya mwaka wa 1720. Wanachokistaajabia ni jinsi fidla moja inavyofanywa kusikika kama sauti kadhaa zinazozungumza. Mhispania Fernando Sor, aliyefariki mwaka wa 1839, naye huheshimiwa kwa kulipa gitaa uwezo wa kubeba sauti nyingi kwa pamoja. Bosco, bila kupitia mlango wa shule zao, aliikabili kazi hiyo hiyo na kuipatia jibu lake mwenyewe.

Nairobi yampokea

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alikuja Nairobi. Jiji lilikuwa limeanza kuwa kitovu cha biashara ya santuri katika Afrika Mashariki, na makampuni yalikuwa yamegundua kwamba mwanamuziki mzuri huuza bidhaa kuliko bango. Bosco akapewa kazi ya kutangaza dawa ya maumivu ya Aspro, na gitaa lake likawa linasikika redioni mara kwa mara. Mkongo mwenzake, Edouard Masengo, naye pia alikuja na kupata umaarufu hapa.

Lugha haikuwa kizuizi. Bosco aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, ambacho humfanya mke kuwa muke na mpenzi kuwa mupenzi. Kwa sikio la Mkenya lafudhi hiyo ilikuwa na utamu wake, na maana haikupotea. Nyimbo kama Bombalaka, Tambala Moja na Mama na Mwana zilisikilizwa na watu ambao hawangeweza kuionyesha Bunkeya kwenye ramani.

Waliomsikiliza kwa makini zaidi ni vijana waliokuwa na magitaa. Wapo waliomfuata alikopiga, na wapo waliokaa karibu na redio wakijaribu kukisia ni kidole kipi kilichogusa uzi upi. Ule ufundi wa kupiga nyuzi kwa gumba na kidole cha shahada, badala ya kuzikwaruza zote kwa pamoja, ulienea na kuwa shule isiyo na jengo.

Haitakuwa haki kudai kwamba Wakenya walinakili tu. Magharibi mwa nchi, George Mukabi na wenzake walikuwa na mtindo wao wa omutibo, wenye mwendo wa ngoma za Waluhya na chupa ya soda iliyokwaruzwa kutunza mapigo. Wanamuziki hawa walichukua kilichowafaa kutoka Katanga na kukitia ladha ya nyumbani. Hata hivyo, anayeichunguza historia ya gitaa kavu nchini Kenya hawezi kuusimulia muongo huo akalikwepa jina la Bosco.

Huku Nairobi ikimshangilia, kwao hapakuwa na utulivu. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na kabla ya wiki mbili kutimia, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Mgogoro huo uliendelea hadi Januari 1963. Wengi wa waliocheza dansi kwa santuri za Katanga walianza kulisikia jina la jimbo hilo katika taarifa za vita.

Bosco alirejea kwao na kuishi Lubumbashi sehemu kubwa ya maisha yake yaliyosalia. Mwaka wa 1969 alialikwa Marekani katika tamasha la muziki la Newport, jukwaa lililokuwa likikutanisha majina makubwa ya muziki wa kiasili wa taifa hilo. Kwa mpigaji aliyeokotwa barabarani Jadotville, ilikuwa safari ndefu.

Mnamo 1972 serikali ya Mobutu Sese Seko, katika sera yake ya uhalisi, iliwataka raia kuyaacha majina ya Kikristo. Jean-Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Jambo hili, ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa dogo, kwake lilikuwa na gharama. Msanii hujulikana kwa jina lake. Santuri za zamani zilikuwa na jina moja na mwenye kuzipiga akawa na jingine, na si kila mnunuzi aliyejua kwamba ni mtu yule yule.

Kwa nini alisahauliwa

Sababu ya kwanza ya kusahauliwa ni umeme. Katika miaka ya 1960 bendi za rumba za Kinshasa, zikiongozwa na OK Jazz ya Franco na wenzake, zilitawala masikio ya Afrika nzima. Gitaa la umeme, ngoma na tarumbeta ziliujaza ukumbi. Mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti na gitaa kavu alionekana wa kizamani, hata alipokuwa akifanya peke yake kazi ya wapiga gitaa watatu wa bendi.

Sababu ya pili ni karatasi. Katika fikira za wengi mtunzi ni mtu mwenye kalamu, na ambaye hakuandika nota huitwa mpigaji, mwimbaji au mtumbuizaji. Kwa kipimo hicho Bosco hana faili. Utunzi wake ulihifadhiwa vidoleni na katika santuri zilizovunjika upesi zikianguka.

Sababu ya tatu ni jinsi kazi yake ilivyoainishwa. Rekodi zilizokusanywa na watafiti mara nyingi huwekwa katika rafu ya muziki wa jadi, na jadi haina mwenyewe. Kinachoitwa cha jadi huchukuliwa kana kwamba kiliota chenyewe kama nyasi. Lakini Masanga haikuota. Ilitungwa na mtu mwenye jina, katika mji unaojulikana, na hakuna mwingine aliyeitunga kabla yake.

Jambo hili si la heshima tu. Anayetambuliwa kuwa mtunzi ana haki juu ya kazi yake, yeye na warithi wake. Historia ya muziki wa Afrika Mashariki imejaa mabishano kuhusu nani alitunga nini, na wimbo Malaika, ambao Fadhili William aliurekodi Nairobi huku wengine wakidai kuwa ni wao waliouanzisha, ni mfano unaojulikana mno. Pale ambapo utunzi haukuandikwa wala kutambuliwa mapema, anayetajirika mara nyingi si yule aliyetunga.

Kuna wachache waliokataa kumwacha Bosco apotee. Mwingereza John Low alisafiri hadi Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba, akawatafuta wapiga gitaa wa zamani akiwemo Bosco na Masengo, akaketi miguuni pao kujifunza, na mwaka wa 1982 kitabu chake kuhusu safari hiyo kikachapishwa. Mwaka huo huo Bosco alipiga gitaa nchini Ujerumani, na mnamo 1988 akaingia studio nchini Afrika Kusini kuzirekodi upya baadhi ya tungo zake.

Katika rekodi hizo za uzeeni, sauti imepungua wepesi wa ujana, lakini gumba na kidole cha shahada bado vinajua kazi. Zilikuwa miongoni mwa za mwisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa na umri wa takriban miaka 60, Bosco alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia, si mbali sana na ile nchi ya shaba iliyomlea.

Rekodi alizonaswa na Tracey zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka wa 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini. Baadhi zimetolewa upya na kampuni za Ulaya. Nota alizoziandika Rycroft zipo. Kwa hiyo hoja kwamba hakuna cha kufundishia haina mashiko.

Ukiifuata barabara itokayo katikati ya Nairobi kuelekea magharibi, ukapita Westlands, Kangemi na Uthiru hadi Kinoo, utakutana na makanisa mengi ambamo vijana hujifunza gitaa kila Jumamosi. Wengi huanza kwa kuzikwaruza nyuzi zote sita kwa pamoja, na wachache wenye bidii huendelea hadi kwa Sor na Bach. Ni jambo jema, kwani muziki mzuri hauna mpaka.

Lakini mwalimu atakayewawekea Masanga kando ya tungo hizo, akawaambia wahesabu sauti ngapi zinatoka katika vidole viwili, atakuwa amewapa somo ambalo hakuna kitabu cha kigeni kinachoweza kuwapa. Watajua kwamba kazi kubwa ya nyuzi haikufanywa Vienna na Leipzig pekee. Ilifanywa pia Jadotville, na mtu aliyeimba kwa lugha wanayoielewa.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Bosco alituzwa Afrika Kusini, akashangiliwa Marekani na kuandikiwa vitabu na Waingereza. Huku Afrika Mashariki, ambako Kiswahili chake hakihitaji mkalimani, deni lake bado halijalipwa.